Mguu wa Mtoto Umevimba: Tafuta Uzi

Mama, mtoto wako wa miezi mitatu amelia usiku kucha. Umemnyonyesha, hanyamazi. Asubuhi waona mguu mmoja umevimba, na vidole vyake vimekuwa vyekundu sana. Jirani anasema ni mdudu, mwingine anasema ni sumu. Kwanza mvue nguo zote, umpeleke penye mwanga, utazame.

Ikiwa miguu yote miwili imevimba, tena mtoto amekwisha kuachishwa ziwa, twafikiri juu ya bwaki. Lakini ukiona mguu mmoja tu, au kidole kimoja, na juu ya uvimbe pana mstari kama mfereji mdogo, hapo kuna kitu kinachobana.

Huenda ni unywele wako mwenyewe. Miezi michache baada ya kuzaa, nywele za mama huanguka nyingi, nazo hujizungusha katika kidole cha mtoto, au katika uume wa mtoto mvulana. Tazama huko pia. Unywele ukilowa hurefuka, ukikauka hukaza. Katika milima ya Masisi kuna baridi, watoto huvikwa soksi, na ndani ya soksi mna nyuzi zilizolegea. Tena kuna uzi wa shanga ambao bibi amemfunga mtoto. Mtoto hunenepa upesi, lakini uzi ni ule ule.

Damu huingia mguuni kwa mishipa yenye nguvu, hurudi kwa mishipa laini. Uzi huibana ile laini kwanza. Basi damu inaingia, haitoki. Mguu unavimba, na uzi unazama katika nyama hata hauonekani. Mwisho damu haiingii tena, na kidole kinakuwa cheusi, kinakufa.

Mama wengine wa kanisa huuficha uzi wa bibi chini ya kitambaa, kwa kuogopa maneno ya watu. Usimfiche mwuguzi. Hataki kujua ni nani aliyeufunga, ila umefungwa wapi na tangu lini.

Uzi ukionekana, ukate polepole kwa mkasi mdogo. Usipoonekana, usichimbe kwa wembe, wala usipake dawa ya majani. Nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama watoka Omate kwenye machimbo ya dhahabu na njia ni matope. Ukiisha kutolewa, tazama tena baada ya saa chache. Kama rangi haijarudi, yamkini uzi mwingine umebaki ndani; mrudishe mtoto usiku huo huo.