Dondoo muhimu: Kengele ya hifadhi ikilia kwenye vCenter

Fundi wa seva uliye Voi, Wundanyi au Taveta: vCenter huonyesha njano hifadhi ikipita asilimia 75, na nyekundu ikipita 85. Usipandishe viwango hivyo ili tu kengele inyamaze.

Anza na snapshoti. Ile iliyochukuliwa kabla ya kusasisha mfumo wa mishahara, kisha ikasahaulika, huzidi kukua kila data inapobadilika. VMware hushauri isikae zaidi ya saa 72. Ifute kupitia vCenter. Ukifuta faili zake kwa mkono unaweza kupoteza mashine nzima. Usingoje hifadhi ijae pomoni, maana kuiunganisha snapshoti nako kunahitaji nafasi.

Jumlisha pia ukubwa mlioziahidi mashine zote. Ahadi zikizidi uwezo halisi, mashine zinaweza kusimama kazi ikiendelea.

Kengele ikitaja /storage/log, tatizo limo ndani ya vCenter yenyewe: ingia kwa SSH, andika df -h, uone sehemu iliyojaa.

Na diski mpya ikibidi kuagizwa Mombasa au Nairobi, iagize mapema, rangi ikiwa bado ni njano.