Koki ya Tangi la Mvua: Mwongozo kwa Nyumba za Kau

Kau iko kando ya mto Ozi, na Ozi humwagia baharini Kipini. Kiangazi kikikaza na maji ya Tana yanayoingia Ozi yakipungua, bamvua hupanda mtoni na chumvi. Hapo maji ya mvua yaliyomo tangini ndiyo ya kunywa, na bomba linalodondoka usiku kucha linakula akiba ya watoto.

Akiba hiyo si ndogo. Paa la mabati la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 480. Ukitoa maji ya kwanza yanayoosha paa na yale yanayorukia nje, zinabaki kama 400, yaani mitungi 20 ya lita 20.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni bomba kufungwa moja kwa moja kwenye tundu la tangi. Likiharibika, mwenye nyumba hana la kufanya ila kumwaga maji yote au kuliacha livuje. Mwambie fundi aweke koki ya kufungia papo hapo kwenye tangi, kisha bomba lifuate mbele yake. Siku ya matengenezo unafunga koki, unabadilisha bomba, na maji yanabaki. Chagua koki ya plastiki au ya shaba ya manjano, maana ya chuma huliwa na kutu upesi karibu na bahari. Tepu ya kuzuia kuvuja izungushwe kwenye uzi wa koki kwa kufuata upande wa kukazia. Ikizungushwa kinyume hufumuka. Kaza kwa mkono kwanza, halafu spana kidogo tu. Nguvu nyingi hupasua tundu la tangi, na ufa wa hapo ni mgumu kuziba.

Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake ni tani moja. Udongo wetu wa bondeni hupasuka kiangazi na kulainika masika, hivyo jenga msingi mpana ulioshindiliwa vizuri. Uinue kupita alama iliyoachwa ukutani na mafuriko ya 2023 na 2024, ukiweza.

Mafuriko yaweza kufika Kau bila tone la mvua hapa, kwa kuwa Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Tahadhari ikitolewa, usiache tangi tupu: huelea, hung'oa paipu na kwenda na maji. Lijaze, hata kwa maji ya mto, lifunge kamba kwenye nguzo imara, kisha funga koki na mfuniko kabla ya kuhama. Koki ikiachwa wazi na bomba likavunjika, maji machafu huingia tangini mara yanapopanda juu ya kimo cha yale ya ndani.

Ukirudi na kukuta maji yalipita mfuniko, au kama ulilijaza kwa maji ya mto, mwaga yote, sugua ndani, tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usinywe kabla ya kusuuza.