Nyika Isiyo Tupu: Majina ya Mahali na Istilahi za Hifadhi katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Likizo inapotajwa nchini Kenya, mawazo ya wengi huelekea visiwani: Lamu, Manda au, kwa mwenye nauli, Unguja. Msafiri atokaye Nairobi hupita Makueni kwa gari au kwa garimoshi, akachungulia vichaka dirishani, akaviita nyika na kusinzia. Makala haya yanachunguza neno hilo pamoja na istilahi zinazoandamana nalo, yaani pori, mbuga na hifadhi. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayezitumia bila kuzipambanua huwafuta watu katika ardhi yao.

Nyika kwa jicho la pwani

Kwa mwenyeji wa pwani, nyika ni bara kavu lianzialo minazi inapokoma. Jamii zilizoishi ukingoni mwake ziliitwa Wanyika, jina lililobeba dharau, hadi jina Mijikenda liliposhika mizizi katika miaka ya 1940. Hata hivyo, katika karne ya 19 nyika hiyohiyo ilikuwa njia ya misafara ya Wakamba waliopeleka pembe za ndovu Mombasa. Miongoni mwa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Johann Ludwig Krapf, mmisionari ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alimtembelea Kivoi mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Jina la mlima alilinakili kwa matamshi ya Wakamba, nalo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi. Ni vigumu basi kuita tupu mahali palipotupa jina la taifa.

Majina kama ramani

Majina ya Kikamba yanaihifadhi elimu ya wenyeji kuhusu pori. Tuchukue mifano mitatu. Mtito Andei, lilipo lango la mbuga ya Tsavo Magharibi, ni msitu wa tumbusi. Tumbusi hufuata mizoga, na mizoga hufuata simba. Jina hilo ni onyo na ni taarifa kwa wakati mmoja. Makindu nalo linahusishwa na mikindu, mti uleule ambao ukili wake husukiwa mikeka pwani. Mkindu hupenda mahali penye maji. Maji hayo hutoka vilima vya Chyulu, ambavyo havina mito ya kudumu juu yake: mvua na ukungu hunyonywa na mawe ya volkano yenye vinyweleo, kisha maji huibuka mbali chini, katika chemchemi za Kibwezi, Makindu na Mzima. Kutoka Mzima, bomba limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo msafiri anayekwenda kupumzika pwani huenda akanywa huko ukungu wa vilima alivyovipita usingizini. Katika nyika kavu, msitu wa Chyulu wenyewe ni kisiwa.

Mfano wa tatu ni jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Husimuliwa kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Kwa mtalii, hiki ni kichekesho. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, ni ithibati kwamba mandhari hayo yamesimuliwa, na kinachosimuliwa kina wenyewe.

Istilahi na sheria

Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zilitengwa mwaka 1948. Chyulu ikafuata mwaka 1983, na familia zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa. Maeneo haya husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na malisho hayaruhusiwi ndani yake. Kitui Kusini na Mwingi ni daraja nyingine: husimamiwa na serikali ya kaunti, na baadhi ya shughuli za binadamu zaweza kuruhusiwa kwa masharti. Vyombo vyetu vya habari huziita zote mbuga. Hali huzidi kutatanisha msomaji akivuka mpaka, kwani nchini Tanzania daraja ya kwanza ndiyo iitwayo hifadhi ya taifa, ilhali pori la akiba ni daraja tofauti. Mtanzania akisoma 'hifadhi ya kitaifa ya Kitui Kusini' ataelewa kinyume cha kilichokusudiwa.

Mkanganyiko huu una gharama. Mfugaji wa Mutha anayetaka kujua kama ng'ombe wake waweza kuingia wakati wa kiangazi, na ni ofisi ipi atakayoiendea, anahitaji istilahi inayotofautisha. Kadhalika, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa aina zilizoorodheshwa. Haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mjane wa Kibwezi ni haki iliyofungiwa sandukuni.

Hitimisho

Imebainika kwamba nyika ni neno la mpita njia, ilhali majina ya Kikamba ni maneno ya mkaazi. Kiswahili, kikiwa lugha ya wote wawili, kinapaswa kuwapatanisha. Kwanza, wanaistilahi wa Kenya na Tanzania wakubaliane kuhusu mbuga, hifadhi na pori la akiba. Pili, vyama vya wanafunzi viwatume wanachama wao, hasa wakati wa likizo, kukusanya majina ya mahali na visa vyake kutoka kwa wazee wa Kitui na Makueni kabla wazee hao hawajatutoka. Tatu, mabango na vijitabu vya mbugani vifafanue majina hayo kwa Kiswahili. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini aliyepewa jina pamoja na maana yake hapiti tena Makueni akisinzia.