Kiti cha Mtoto Mchanga Kinacholingana na Gari la Familia

Kiti cha usalama cha mtoto mchanga ni ganda la plastiki ngumu, lenye sponji ndani na mikanda yake lenyewe, ambalo hufungwa kwenye siti ya gari ili gari likigonga, likipinduka au likishika breki ghafla, mtoto abaki mahali pake badala ya kurushwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba viti hivi hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja katika magari madogo kwa asilimia 71, na ni vifaa vichache mno vya kununuliwa dukani vinavyoweza kudai mafanikio ya kiwango hicho. Hata hivyo, kinga hiyo haimo ndani ya kiti peke yake. Hupatikana pale tu kiti kinaposhikamana na gari hadi kikawa kama sehemu yake, na ndiyo maana kiti kilichosifiwa katika majaribio, kikiwekwa kwenye gari ambalo mkanda wake ni mfupi au siti yake imeinama mno, kinaweza kuwa duni kuliko kiti cha bei ya chini kilichokaa barabara.

Familia nyingi huanzia dukani, zikachagua kwa rangi, bei au ulaini wa kitambaa, kisha zikahangaika kukilazimisha kiti kiingie ndani ya gari. Kijitabu hiki kinashauri kinyume chake: gari lichunguzwe kwanza, mtoto apimwe uzito na urefu, na baada ya hapo ndipo kiti kitafutwe.

Sababu ya mtoto kutopakatwa

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, husimama ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, lakini kila kilichomo ambacho hakikufungwa huendelea na mwendo uleule hadi kizuiwe na kitu kingine. Katika hali hiyo nguvu inayomvuta mtoto inaweza kufikia mara 20 ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 5 humponyoka aliyempakata kana kwamba ni gunia la kilo 100, mzigo usioweza kuzuiwa na mikono ya mtu yeyote, hata aliyekuwa amejiandaa. Kumfunga mtoto na mama ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili wa mama husukumwa mbele na kumbana mtoto kwenye mkanda. Mbeleko na kanga nazo, pamoja na ubora wake katika kubeba, hazikukusudiwa kuhimili nguvu za aina hii.

Mtoto mchanga, aidha, hutakiwa kukaa akitazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni takriban robo ya urefu wake wote, ilhali mifupa ya shingo yake haijakomaa na kano zinazoishikilia bado ni laini. Akitazama mbele, mikanda huzuia kiwiliwili huku kichwa kikirushwa peke yake, na uti wa mgongo unaweza kujeruhiwa vibaya. Akitazama nyuma, ganda la kiti hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja, nguvu ikasambaa juu ya eneo kubwa la mwili. Kwa sababu hiyo, mtoto hapaswi kugeuzwa ati kwa kuwa ametimiza mwaka, au kwa kuwa miguu yake imeanza kugusa siti; abaki hivyo hadi afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake. Miguu iliyokunjwa huwasumbua watazamaji kuliko inavyomsumbua mtoto.

Kibandiko cha kiti

Kiti kilichopimwa hutambulika kwa kibandiko chake. Viti vinavyofuata kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na kibandiko, kwa kawaida cha rangi ya machungwa, chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya kanuni husika. Kanuni ya zamani, R44, hupanga viti kwa uzito, na kiti cha mtoto mchanga katika kundi lake la 0+ humfaa mtoto hadi kilo 13. Kanuni mpya, R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hupanga viti kwa urefu wa mtoto, humtaka atazame nyuma hadi apite miezi 15, na huongeza jaribio la gari kugongwa ubavuni, ambalo R44 haikuwa nalo. Viti vya Marekani havina herufi E. Badala yake huwa na maelezo kwamba vimekidhi kiwango cha nchi hiyo kiitwacho FMVSS 213. Kiti kisicho na kibandiko chochote, hasa kile cha kitambaa kitupu kinachozungushiwa kamba nyuma ya siti ya gari, kisinunuliwe hata kama muuzaji anakisifia wepesi.

Gari lichunguzwe kwanza

Magari mengi ya familia nchini Tanzania, Kenya na Uganda huagizwa yakiwa yametumika Japani, na jambo hili lina uzito katika uchaguzi wa kiti. Japani ililazimisha matumizi ya viti vya watoto wa chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000, lakini kitabu cha maelezo cha gari, ambacho kinaeleza siti zipi zinafaa kufungiwa kiti cha mtoto, mara nyingi huwa kwa Kijapani au hakipo kabisa gari linapofika. Mwenye gari hulazimika kulisoma gari lenyewe kwa macho na mikono.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mkanda. Mkanda kamili ni ule unaopita begani na kiunoni, ukashika sehemu tatu. Mkanda wa kiunoni pekee hushika sehemu mbili, na viti vingi vya watoto wachanga haviruhusiwi kufungwa nao, ingawa vipo vinavyoruhusiwa, na kitabu cha kiti ndicho husema. Siti ya katikati nyuma iko mbali na milango yote, hivyo ndiyo inayokingwa zaidi gari likigongwa ubavuni, lakini katika magari madogo ya zamani mara nyingi huwa na mkanda wa kiunoni tu, au huwa na mwinuko unaokifanya kiti kiyumbe. Hapo siti ya pembeni yenye mkanda kamili ni bora kuliko katikati palipo na mkanda pungufu. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, siti ya nyuma kushoto humwezesha mzazi kumshusha mtoto upande wa wapita kwa miguu. Katika Rwanda, Burundi na Kongo, zinazoendesha kulia, upande huo ni wa kulia.

Urefu wa mkanda nao hupimwa, kwa kuwa kiti kinachotazama nyuma kisicho na kitako cha kubaki garini mara nyingi huhitaji mkanda upite juu ya mapaja ya mtoto kisha uzunguke nyuma ya ganda, njia ndefu kuliko ya kumfunga mtu mzima. Mkanda ukifika kwenye kifungio kwa kuvutwa kwa nguvu, au usifike kabisa, kiti hicho hakilifai gari hilo, na hakuna fundi anayepaswa kuurefusha kwa kuunga kipande kingine. Kifungio chenyewe, yaani kile kinachopokea ulimi wa mkanda, kisilalie ukingo mgumu wa kiti cha mtoto. Kikiulalia, kinaweza kufunguka au kuvunjika wakati wa ajali, na kasoro hii huonekana mara nyingi katika magari ambayo vifungio vyake vimesimama juu ya mpini mrefu.

Baadhi ya mikanda ya magari hujikaza yenyewe: mkanda ukivutwa taratibu hadi mwisho kisha ukaachiwa urudi, husikika ukikatika-katika, na hauvutiki tena mpaka urudi wote. Mkanda wa aina hii hukishikilia kiti bila msaada mwingine. Mkanda usiofanya hivyo hujifunga tu wakati wa mshtuko, na mwenye gari lenye mkanda huo atafute kiti chenye kibanio chake cha kuushika.

Mfumo wa pili wa kufungia kiti ni ISOFIX, ambao ni vyuma viwili vidogo vilivyoshikizwa kwenye mwili wa gari, vikiwa na nafasi ya milimita 280 kati yake, mahali ambapo mgongo wa siti hukutana na kikalio. Huweza kupapaswa kwa vidole, na katika magari mengi pana alama ndogo juu yake. Faida yake kubwa ni kupunguza makosa ya kufunga, kwani kiti hujibana chenyewe na kutoa mlio. Lakini kiti kilichofungwa vema kwa mkanda hakipungukiwi na heshima yoyote, na hakuna sababu ya familia yenye Vitz ya zamani isiyo na vyuma hivyo kulipia kiti cha ISOFIX ambacho haitaweza kukitumia. Wapo watu ambao hununua kiti cha namna hiyo kisha wakakifunga kwa mkanda ingawa hakikuruhusiwa, na hapo fedha nyingi huwa zimenunua hatari.

Vitako vingi vya ISOFIX huwa na mguu wa kuegemeza unaoshuka hadi sakafuni ili kiti kisiinamie mbele. Mguu huo hauruhusiwi kukanyaga mfuniko wa kisanduku cha kuhifadhia vitu kilichofichwa chini ya sakafu, kwa kuwa mfuniko huweza kubonyea kwa nguvu ya ajali, isipokuwa kama mtengenezaji wa gari amekubali.

Nafasi ni jambo linalopuuzwa hadi siku ya kwanza ya safari. Katika gari fupi, kiti kinachotazama nyuma hulazimisha siti ya mbele isogezwe, na dereva mrefu akajikuta magoti yameigusa dashibodi; kwa hiyo kiti kijaribiwe dereva wa kawaida akiwa amekaa anavyoendesha. Noah na magari ya aina yake hayana tatizo hilo, ila siti zake zinazoteleza kwenye reli zikaguliwe kama zimejifunga mahali pake kabla ya kiti kuwekwa.

Baadhi ya mahali pawekwe kando moja kwa moja. Siti ya mbele yenye mfuko wa hewa, yaani puto linalofumka kutoka kwenye dashibodi gari linapogonga, haiwekwi kamwe mtoto anayetazama nyuma endapo mfuko huo haujazimwa: puto hufumka kwa kasi kubwa na kupiga ganda la kiti mahali hasa kichwa cha mtoto kilipo, na Marekani katika miaka ya 1990 ilipoteza watoto wachanga kwa namna hiyo katika ajali ndogo ambazo wangeweza kupona. Mchoro wa onyo huwa kwenye kikinga jua cha abiria, na hueleweka hata maandishi yakiwa ya Kijapani. Mabenchi ya nyuma ya Land Cruiser ambayo abiria hukaa wakitazamana hayafai kwa kiti chochote cha mtoto, kwa sababu viti hivi vimejaribiwa kwa siti zinazotazama mbele. Bajaji na bodaboda hazina mkanda wa kukifunga, na kiti kilichowekwa humo hakimkingi mtoto.

Majaribio kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe kiti kifungwe garini kabla ya malipo, na muuzaji anayekataa ampishe mteja aende kwingine. Baada ya kufungwa, kiti hushikwa pale mkanda unapopita na kutikiswa kushoto, kulia na mbele. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijakaa. Mwinamo wake hutazamwa gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu kiti kilichosimama mno humwangushia mtoto kidevu kifuani na kuziba njia ya hewa, jambo la hatari hasa kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye wazazi wake wanapaswa kuuliza wahudumu wa afya kabla ya kumsafirisha akiwa amekaa hivyo. Kwa mtoto yeyote mchanga, safari ndefu ikatizwe ili atolewe na kulazwa chali, na kiti kisigeuzwe kuwa kitanda nyumbani.

Mikanda ya ndani ipite usawa wa mabega au chini yake kidogo, ikazwe hadi kitambaa chake kisiweze kufinywa begani, na mtoto asivalishwe sweta nene wala kuviringishwa blanketi chini ya mikanda hiyo. Kama ni baridi, mtoto hufunikwa nguo kwa juu baada ya kufungwa. Gari lililoachwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, hivyo vyuma vya mkanda viguswe kwanza, na mtoto asiachwe humo hata kwa muda wa kununua mkate.

Kiti kilichotumika kinunuliwe kwa mtu anayefahamika tu, na kiwe na kibandiko, mikanda yote na tarehe ya kutengenezwa, ambayo huwa imechongwa kwenye plastiki, kwa kuwa watengenezaji wengi huweka ukomo wa kati ya miaka 6 na 10. Kiti kilichokuwemo garini wakati wa ajali kubwa kinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho; hakitumiki tena, hakiuzwi wala hakitolewi sadaka, na kabla ya kutupwa mikanda yake ikatwe ili asikiokote mwingine.