Mapacha Walioungana: Uchungu Usikukute Nyumbani

Kijitabu kwa wazazi, wakunga wa jadi na masheha wa Pemba

Tumetoa kijitabu hiki kwa sababu maneno yamezidi mitaani. Wapo wanaosema hospitali huwaficha watoto walioungana. Wapo wanaosema madaktari huwakata ili wajifunzie kazi. Si kweli, na wengi wa wasemaji hawajakanyaga kliniki hata siku moja.

Mapacha hawa hutokana na yai moja lililochelewa kugawika, yapata wiki mbili tangu mimba itunge, na lisimalize. Basi. Mama hakurogwa, wala hakutoka nje mwezi ulipopatwa. Mama mkwe anayemtafutia mkwewe makosa asome hapa mara mbili. Ni uzazi wa nadra mno, na wengi wao huzaliwa wamekwisha kufa. Walio wengi hushikana kifuani au tumboni.

Sasa hatari yenyewe. Watoto walioshikana hivyo, mimba ikishakomaa, hukwama njiani. Mkunga akivuta, watoto hufa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, mama akatokwa na damu hadi kufa. Tunarudia: mkunga asivute. Mama huyu huzalishwa kwa upasuaji uliopangwa, na hauwezi kupangwa kama hakuna anayejua kilichomo tumboni. Altrasaundi inaweza kuwaonesha mapacha hawa tangu mwezi wa tatu. Kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kliniki haisubiri tumbo lionekane, haisubiri karafuu zimalizike kuchumwa, wala haimsubiri mume arudi kutoka dago. Mume anayesafiri aache ruhusa yake kabla hajaondoka. Kuna wake waliokaa na uchungu huku simu ya mume haipatikani, na hilo hatulivumilii tena.

Wakishazaliwa nyumbani kwa bahati mbaya, wafunikwe, wapate joto la mama, waletwe hospitali saa ile ile. Wembe usiguse pale waliposhikana. Ngozi ikionekana nyembamba, ndani yake huenda mna ini au utumbo wa wote wawili. Tunarudia: wembe usiguse.

Kutenganisha si kazi ya siku moja. Kwa kawaida madaktari husubiri miezi kadhaa watoto wakue, huku wakipima nani ana kiungo gani. Walioshirikiana moyo mmoja kwa kawaida hawatenganishwi. Muhimbili walitenganishwa mapacha Julai 2022. Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta, Novemba 2016, watoto waliounganika sehemu ya chini ya mgongo walitenganishwa kwa upasuaji wa saa 23, baada ya kulelewa hospitalini hapo karibu miaka miwili. Oktoba 2023 watoto wa Kitanzania walitenganishwa Riyadh. Na wako wasiotenganishwa wakaishi: Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, walisoma hadi Chuo Kikuu cha Ruaha, wakafariki Iringa Juni 2018. Anayesema watoto wa namna hii hawana maisha awakumbuke hao.

Pemba ya leo si ya zamani. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Upasuaji wa uzazi hufanyika huko, pia Chake Chake na Wete. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini chumba cha upasuaji hakimfai mama anayeletwa siku ya tatu ya uchungu.

Rufaa ya Unguja, Muhimbili au nje ya nchi ina masharti yake. Madaktari ndio wanaoamua. Muulize daktari wako.

Ni marufuku kuwapiga watoto hawa picha wodini na kuzirusha WhatsApp kuomba michango. Sheha akipata habari ya uzazi wa namna hii shehiani kwake, aipigie simu hospitali kwanza, kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote.