Picha za Moyo Kabla na Baada ya Matibabu ya Mrija

Mapigo ya moyo yakienda ovyo, damu huweza kuganda katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Hospitali kubwa hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kuunguza vijisehemu vinavyoanzisha mapigo hayo.

Kwanza mgonjwa hupigwa picha. Likionekana bonge la damu, matibabu huahirishwa, maana likisukumwa hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Baada ya matibabu, ultrasaundi huonyesha kama damu imevuja kuzunguka moyo.

Umio, njia ya chakula, hupita nyuma ya moyo. Mara chache sana huungua na kutoboka wiki kadhaa baadaye. Ndani ya miezi 2, mgonjwa akipata homa, maumivu ya kifua, shida ya kumeza au kupooza, awahishwe hospitali na aseme alitibiwa moyo. Sisi wauguzi tusidhani ni malaria tu. Apigwe picha ya siti-skani ya kifua. Asipitishiwe mpira wa kamera kooni, kwani hewa inayopulizwa huweza kuingia moyoni na kufika kwenye ubongo.

Tutunze cheti cha matibabu, na walio nyumbani wajue kilipo.