Udongo na Katani katika Somo la Sanaa

Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu. Wapo wazazi wanaolihesabu somo hilo kuwa mapumziko kati ya Hisabati na Kiswahili. Wazee wa eneo hili hawakufikiri hivyo. Mwaka 1956 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago, zikiwamo za Wazigua na Wasambaa. Kila sanamu ilibeba funzo lake, na kijana alilishika kwa kuiona.

Ufinyanzi waweza kuanza bila fedha. Udongo huchambuliwa mawe na mizizi, hukandwa hadi hewa itoke, kisha hulazwa usiku mmodi chini ya gunia bichi. Ukichanganywa na vigae vilivyosagwa, haupasuki kwa urahisi. Mtoto hutengeneza donge, hulibonyeza katikati kwa kidole gumba, na kulizungusha hadi kuta zilingane unene. Chombo hukauka kivulini siku kadhaa. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani, ndipo nyufa huanza. Kikiwekwa motoni kingali na unyevu, maji hugeuka mvuke na chombo hupasuka. Hilo ni somo la Sayansi pia, tena lisilosahaulika.

Kwa uchoraji, kipande cha katani kilichopondwa ncha huwa burashi nzuri. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, udongo mwekundu na binzari hutoa nyinginezo, na uji mwepesi wa muhogo huzishikisha kwenye karatasi ya boksi. Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alichora kwa rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya hardboard. Mtindo wake sasa unajulikana duniani kwa jina lake.

Kosa la kuepukwa ni mwalimu kuchora ubaoni na darasa zima kunakili. Afadhali mtoto atazame mbuzi halisi na kumchora vibaya.

Wazazi wanaweza kupeleka shuleni maboksi matupu, magunia makuukuu na vigae vya vyungu. Udongo uchimbwe na mtu mzima; kingo za mto humomonyoka, na mtoto asitumwe huko peke yake.